Supu ya Mke wa Pasi

Kazini walimwita Pasi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Shati lake jeupe lilinyooka kuanzia kola hadi kiunoni, mikono ikiwa na mstari mmoja mkali, na hata mwisho wa zamu, wenzake walipokuwa wamelowa jasho na kukunjamana kama vitambaa vya kufutia meza, yeye alionekana ndiyo kwanza ametolewa kabatini. Wahudumu wapya waliamini ana dobi wake maalumu. Dobi huyo alikuwa mkewe, ambaye kila alfajiri alitandika blanketi kuukuu juu ya meza na kulinyoosha lile shati kabla hajatoka kwenda kwenye kibarua chake mwenyewe, na ambaye hao wahudumu hawakuwahi kumtia machoni.

Mgahawa ulikuwa ghorofa ya mwisho ya jengo refu kuliko yote kwenye mtaa wa mabenki. Ulikuwa na jina lake la kwenye kibao, lakini mji mzima uliuita Juu. Mtu hakuenda Juu kwa sababu ya njaa. Njaa ilikuwa na vibanda vyake huko chini. Juu watu walikwenda kuchumbia, kusherehekea cheo, kuadhimisha miaka ya ndoa, kumuaga mtoto anayekwenda kusoma ng'ambo. Binti akisema, "Jamaa kanipeleka Juu," shoga zake walianza kujadili sare za harusi hata kabla hawajasikia kilicholiwa.

Pasi alikuwa mkuu wa wahudumu, na sifa yake kubwa ilikuwa kumbukumbu. Jaji mstaafu hapendi kuupa mlango mgongo. Daktari wa meno hali kitunguu; mkewe anakila, ila hataki mumewe ajue. Yule mjane anayekuja peke yake kila tarehe ya ndoa yake huletewa glasi mbili, na ya pili haiondolewi mezani hata ikikaa tupu mpaka mwisho. Mteja aliyepotea mwaka mzima, siku akirudi, Pasi alimvutia kiti na kumwambia, "Samaki wako yupo leo, na limau tumeliweka pembeni, kama unavyopenda." Watu wazima walilengwa na machozi kwa kukumbukwa namna hiyo. Ukiwauliza kwa nini shughuli zao zote lazima zifanyike Juu na si kwingine, wengi hawakutaja chakula, walimtaja yeye.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliozaliwa siku moja na kugombana tangu siku hiyo. Na mkewe alikuwa Mama Pacha, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa masufuria ambayo mtoto angeweza kuingia akakaa. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua toka viganjani hadi viwikoni. Sauti yake ilizoea kuita foleni, kwa hiyo hata akinong'ona, jirani aliitika. Alicheka kinywa wazi, kichwa kimerudi nyuma, na akicheka alikushika bega, awe anakujua au hakujui. Kula alikula upesi, amesimama, mwisho wa wote, akichota kwenye sufuria lenyewe, kwa sababu ndivyo anavyokula mtu anayelisha watoto wa shule nzima.

Pasi alimpenda. Nalisema hili mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine. Alimpenda jikoni, alimpenda uani, alimpenda taa zikizimwa. Alichoshindwa ni kumpenda mbele za watu.

Ugonjwa huo ulimwanzia kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Ukumbini walikalishwa meza moja na mkurugenzi wa benki, mteja mkubwa wa Juu, ambaye Pasi alikuwa amezoea kumwinamia. Chakula kilipochelewa, Mama Pacha alinusa hewa, akasema, "Wali wao unashika chini," akainuka na kwenda moja kwa moja jikoni kwa watu. Alirudi na mwiko mkononi, ameonja, ameokoa jahazi, na anaeleza ukumbi mzima alivyoliokoa. Kuku alipofika alimla kwa vidole, akavunja mfupa na kuunyonya. Kisha akampiga mkurugenzi begani. "Kula, baba. Umekonda. Kwenu hawakupikii?"

Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Pasi hakusikia kicheko. Alichosikia ni joto la masikio yake mwenyewe. Alikaa pale akitamani ardhi ipasuke. Kila mara mkurugenzi alipokuja Juu baada ya siku hiyo na kuuliza, "Yule mama hajambo? Utamleta lini?" Pasi alijibu kwa tabasamu la kazi, huku moyoni akijiambia kwamba anadhihakiwa.

Sasa, Madamu, mwenye mgahawa, mwanamke mpole aliyeurithi kwa baba yake, alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao migahawa mingine iliuona kichekesho. Kila mfanyakazi, hata mwosha vyombo, mara moja kwa mwaka alikalishwa meza ya dirishani wakati wa chakula cha mchana, kama mgeni, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Wenzake walimhudumia kwa kanuni zote, bila utani wala kukonyezana. Na kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi cha kusimama jikoni, yeye aliulizwa mbele ya wote: "Tulikosea wapi?" Hapo alitakiwa kusema ukweli. Maji yalichelewa. Mliniangalia viatu. Mke wangu alitaka kuuliza maana ya jina la chakula, akaogopa sura zenu. Madamu aliamini kwamba huduma ya Juu ilijengwa na kikao hicho kuliko ilivyojengwa na mapazia.

Mwosha vyombo alimleta mama yake, akalia kuanzia mkate hadi kahawa. Mlinzi alimleta mchumba. Madamu alikuwa ameuanzisha utaratibu huo muda mfupi baada ya ile harusi, na zamu ya kwanza ya Pasi ilipofika, alikuja peke yake.

"Mkeo yuko wapi?" Madamu aliuliza.

"Ana matatizo ya tumbo, Madamu. Vyakula vya nje vinamsumbua."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kuvukia siku. Lakini Mpishi, mzee mwenye kofia ndefu na moyo laini kuliko siagi yake, alikuwa amemuuguza mama yake mzazi kwa vidonda vya tumbo mpaka akamzika. Aliyasikia hayo akiwa mlangoni mwa jiko, akayachukua moja kwa moja hadi moyoni.

"Kama hawezi kuja, chakula kitamfuata," alisema. Pasi alipokuwa akimaliza keki yake, Mpishi alimletea kopo jeupe lenye kifuniko. "Supu. Nimeponda viazi na karoti kwa mchuzi wa kuku, nikachuja. Hakuna pilipili, hakuna mafuta, hakuna chumvi. Mwambie anywe ingali ya moto."

Nyumbani Pasi alikuwa amekwisha sema kwamba wageni hawaruhusiwi kwenye ile meza, ni wafanyakazi tu. Kwa hiyo kopo akalitangaza kuwa zawadi ya mgahawa. Mama Pacha alinawa mikono. Alitandika kitambaa, akavuta kiti, akakaa, yeye ambaye hakuwahi kukaa kwa chakula, na mapacha wakajipanga pembeni kumwangalia mama yao akila chakula cha Juu. Alichota kijiko cha kwanza, akamwangalia mumewe.

"Ndivyo wanavyokula?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Masikini."

Aliinywa yote, kwa heshima, hadi akakwangua kopo. Jioni Pasi akiwa ndani alimsikia akiongea na jirani wa ng'ambo ya ukuta. "Shoga, usiwaonee wivu matajiri. Pesa wanazo, lakini chakula chao ni cha mgonjwa, mgonjwa kabisa, ambaye daktari ameshakata tamaa." Jirani alicheka. Pasi alikaa kitandani ameshika kichwa, na shati lake lililonyooka likambana shingoni.

Mwaka uliofuata lile kopo lilikuja tena, na uliofuata pia. Uongo ukaota mizizi na kuanza kudai maji. Mpishi alimuuliza hali ya mama, na kumjibu "yupo tu" kila siku kungekuwa kukosa adabu, kwa hiyo Pasi akawa anatoa taarifa za tumbo la mkewe kama mtangazaji wa hali ya hewa: leo afadhali, juzi hakulala, mvua ikinyesha linamchachamalia. Na yule mwenye tumbo, wakati huohuo, alikuwa akinyanyua sufuria la maharage peke yake na kumtania mlinzi wa shule kwamba ana mikono ya mtoto.

Siku moja ya likizo ya shule, Jumatatu, siku ambayo Juu hufungwa, Pasi alikuwa sebuleni na fulana iliyotoboka aliposikia hodi mlangoni. Alifungua. Madamu alikuwa amesimama pale na kikapu cha matunda. Nyuma yake alikuwepo Mpishi bila kofia, amekuwa mfupi ghafla, na yule mhudumu wa kike waliyemwita Kinanda kwa sababu akianza kuongea hana kituo.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa wetu," Kinanda alisema kwa sauti ya kujaza nyumba. "Kaka Pasi, miaka yote unauguza peke yako, hata kutuambia twende tukamwone hutuambii, tukasema leo hatuagi, tunakwenda tu. Tumbo linaendeleaje? Bado hawezi kula chochote zaidi ya ile supu?"

Nyuma ya Pasi kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na jiko, na jikoni mkewe alikuwa akiimba. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Aliwakaribisha, afanye nini. Waliketi. Pasi alijua kwamba mkewe, asiyejua kunong'ona, atatoka sasa hivi na kuuliza ni mgonjwa gani huyo. Aliona maisha yake yote ya kazi yakivuliwa nguo pale juu ya zulia.

Pazia lilisogea. Mama Pacha alitoka polepole, amejitanda shuka mabegani, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Jasho la moto wa jiko lilimtiririka usoni, na kwa mtu asiyejua lilikuwa jasho la homa. "Karibuni, wanangu," alisema, kwa sauti ambayo Pasi hakuwahi kuisikia tangu amwoe. "Mnisamehe, sikuwasikia. Nilikuwa nimejilaza."

Mpishi alisimama upesi akamshika mkono kumsaidia kukaa. "Pole sana, mama. Unatoka jasho."

"Ndivyo linavyoanza," alisema. "Na wewe ndiye unayenipikia? Mungu akulipe. Ile supu ndiyo inayoniweka mjini."

Mpishi aliinamisha uso kwa furaha na uchungu. Kisha pua yake ikafanya kazi iliyozoea. "Nani anapika huko ndani?"

"Jirani. Anatusaidia."

"Anajua kupika huyo jirani," Mpishi alisema.

"Anajitahidi," alijibu Mama Pacha, akaangalia chini.

Walikaa muda wa adabu. Wakati wa kuaga, Madamu alimshika Mama Pacha mkono kwa mikono yake yote miwili. "Zamu ya Pasi ni wiki ijayo. Njoo safari hii, mama. Mpishi atakuandalia supu yako palepale. Hutaguswa na kitu cha kukudhuru. Lakini ukae na sisi, ule mezani na mumeo."

Pasi alifungua kinywa kumtolea udhuru. Mkewe alimtangulia. "Nitakuja," alisema.

Gari lilipoondoka, Mama Pacha alivua lile shuka, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Hakupaza sauti.

"Tumbo langu lilianza kuuma lini?"

Pasi alimweleza. Alieleza akiangalia sakafu, vipande vipande. Alipofika kwenye ile supu, mkewe alianza kucheka, kicheko chake cha siku zote. "Nilisema! Si nilisema ni chakula cha mgonjwa?" Kisha kicheko kikamwishia. "Kumbe mgonjwa mwenyewe ni mimi."

"Ungeweza kuniumbua," Pasi alisema. "Kwa nini hukuniumbua?"

"Ningekuvua nguo mbele ya watu wa kazini kwako? Shati lenyewe nalinyoosha mimi." Alijifuta jasho. "Sasa niambie sababu. Usinidanganye tena, nimechoka kuumwa."

Akamtajia ile harusi. Alitaja mwiko, na mfupa, na bega la mkurugenzi. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja, alama za moto zikiwa juu.

"Basi nitakwenda," alisema. "Nataka kuiona hiyo meza ninayoitia aibu. Nawe utanifundisha kukaa."

Hapo Pasi angeweza kukataa. Angeweza kusema huhitaji kufundishwa, kosa ni langu. Aliyafikiria maneno hayo, hata yalimfika ulimini. Lakini jioni ile mkewe alipopanga vijiko mezani na kumwita, alikwenda, na mara mazoea ya kazi yakamtawala. Mgongo usiegemee. Kitambaa mapajani, si kifuani. Usipulize. Usimshike mhudumu mkono. Cheka, lakini kwa midomo. Kila jioni mapacha wakishalala alimfundisha, na kila alipomsahihisha aliona haya, na aliona haya akaendelea kumsahihisha. Mkewe alijifunza bila kulalamika, anarudia kama mtoto wa shule. Alitaka hata kujua kazi ya ule uma mdogo wa pembeni.

Siku ikafika. Mama Pacha alivaa gauni la buluu la mahafali ya mapacha, lenye mikono mirefu. Meza ya dirishani ilikuwa imetandikwa nguo nyeupe, na mji wote ulikuwa chini yao, paa kwa paa. Kinanda alimvutia kiti, midomo ameikaza kwa kanuni ya kutoongea. Mama Pacha alikaa. Hakuegemea. Aliweka kitambaa mapajani na mikono juu yake, chini ya meza, ambako alama hazionekani, na akatulia vile kiasi kwamba ungedhani anapigwa picha.

Kwa Pasi walileta mkate wa moto, kisha samaki wa kuokwa mwenye ngozi ya kumeremeta, kisha nyama ya mbavu iliyopikwa taratibu tangu siku iliyopita, inayoachia mfupa kwa kuguswa tu. Kwa Mama Pacha walileta supu. Mpishi aliileta mwenyewe, kwenye bakuli zuri kuliko yote jikoni, akasimama kando mpaka achote kijiko cha kwanza.

"Iko sawa, mama?"

"Iko sawa kabisa. Ahsante, Mpishi."

Alikunywa bila kupuliza, bila sauti. Pasi aliona pua yake ikiifuata ile nyama, mara moja tu, halafu akairudisha kwenye bakuli. Uma mkubwa na uma mdogo vilibaki pale vilipowekwa.

"Nitawaambia," Pasi alinong'ona. "Niwaite sasa hivi, niwaambie."

Mguu wake ulikanyagwa chini ya meza. "Kula," mkewe alisema, akitabasamu kwa midomo. "Watu wanatuangalia."

Akala. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote: kwamba alikula, na kwamba nyama ile ilikuwa tamu.

Sahani ilikuwa haijaisha pale mtu aliposimama mbele yao. Alikuwa mkurugenzi wa benki, ametoka meza ya pembeni, kitambaa bado mkononi, uso wote unacheka. "Mama! Wewe si ndiye uliyeniambia nimekonda? Kila nikija hapa namuuliza mumeo atakuleta lini. Sijawahi kucheka vile kwenye harusi ya mtu. Nyumbani kwangu hadi leo, wali ukichelewa, tunasema aitwe yule mama mwenye mwiko."

Pasi alimtazama yule mtu usoni kwa mara ya kwanza bila kumwinamia, na hakuona dhihaka hata tone. Haikuwahi kuwepo.

"Ahsante, baba," Mama Pacha alisema taratibu, mgongo umenyooka. "Siku hizi nasumbuliwa kidogo na tumbo."

Mkurugenzi alingoja, kama anayesubiri mzaha ufuate. Haukufuata. "Basi pole," alisema, akarudi mezani kwake polepole, akigeuka mara moja kuhakikisha kama hakumfananisha.

Walirudi nyumbani jua lingali kali. Mama Pacha alivua gauni, akalitundika, akaingia jikoni, akapasha maharage yaliyobaki. Alikula amesimama, upesi, akichota kwenye sufuria, kama mtu aliyeshinda na njaa, kwa sababu alikuwa ameshinda na njaa. Pasi alisimama mlangoni.

"Nilikaa vizuri?" alimuuliza bila kugeuka.

"Ulikaa vizuri."

"Sikukuaibisha?"

Hakuwa akimchoma. Angekuwa anamchoma, Pasi angevumilia, hata angeshukuru. Alikuwa anauliza kweli, mwiko mkononi, kama anavyouliza mtu aliyefanya mtihani, na alitaka kujibiwa.

Asubuhi Pasi aliondoka kabla mkewe hajatandika blanketi la pasi. Hakuweza kulikubali shati kutoka mikono ile siku hiyo. Alivaa la jana, limekunjamana kiwikoni, na jikoni Juu watu walipomwona waliguswa, wakidhani mgonjwa amezidiwa usiku.

Walijipanga kwa kikao, Madamu katikati, Mpishi na kofia yake, Kinanda na wengine wote hadi mwosha vyombo. "Haya, Pasi," Madamu alisema kwa upole. "Tulikosea wapi?"

"Hamkukosea popote," alisema. "Mke wangu haumwi. Hajawahi kuumwa. Nilisema anaumwa kwa sababu nilimwonea haya, anavyocheka, anavyokula. Mlipokuja nyumbani alijifanya mgonjwa ili nisiumbuke. Na jana pia."

Mwosha vyombo, yule aliyemleta mama yake, aliangalia pembeni kama aliyemwona mtu mzima akiwa uchi.

Mpishi ndiye aliyesema. "Lile sufuria nililolisikia likinukia kwenu, nilipouliza nani anapika."

"Lilikuwa lake. Ni mpishi. Anapikia shule."

Mpishi alivua kofia yake. Aliizungusha mikononi, mzee wa watu, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Mpishi mwenzangu," alisema. "Na miaka yote hiyo sikumtilia chumvi."

Hakuna aliyecheka. Pasi alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa kazi, kwa lolote lile isipokuwa hilo.

Mpishi alipanguza macho kwa mkono, akasogea meza ya kazi, akavuta ubao wa kukatia. "Leo nampikia," alisema. "Chakula cha mtu mzima mwenye afya yake. Utampelekea mwenyewe, na utamwambia kimetoka kwa nani na kwa nini. Haya, niambie. Anapenda nini?"

Wote walimgeukia Pasi, maana hilo lilikuwa swali lake, swali ambalo hakuwahi kulikosa. Alifungua kinywa. Jaji alikuja kichwani na kiti chake, daktari wa meno na kitunguu chake, mjane na glasi zake mbili, mkurugenzi, wote na vyao, kila mmoja mezani kwake. Akamtafuta mkewe. Alimwona amesimama kando ya sufuria, mwisho wa wote, akila kilichobaki.

"Sijui," alisema.